Fumbo Lisilo na Anwani

Jioni moja ya mwezi wa Aprili 2024, nikiwa nimesimama ndani ya basi la mwendokasi lililotoka Kivukoni kwenda Kimara, niliandika maneno matano kwenye stetasi yangu ya WhatsApp: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Niliyaandika nikiwa na hasira, nikayarusha kabla hatujafika Shekilango, kisha nikairudisha simu kwenye mkoba na kuhisi, kwa muda wa dakika kumi hivi, kwamba nimeshusha pumzi. Ninayoyaandika leo ni yale yaliyofuata baada ya dakika hizo kumi, pamoja na swali ambalo halijaniacha tangu wakati ule: inakuwaje sisi tuliolelewa katika lugha yenye adabu nyingi za kuyasemea yanayouma tushindwe kuyasema vizuri pale tunapokuwa na simu mkononi?

Wakati ule familia yetu ilikuwa ikiandaa sendofu ya mdogo wetu wa mwisho, na mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati. Anayeijua Dar es Salaam anaijua kazi hiyo. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, wanaingizwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzetu na watu waliosoma na bibi harusi, kila mmoja anaandika ahadi yake, na kila jioni mweka hazina anapandisha orodha inayoonyesha nani ameahidi, nani ametoa na nani bado. Kundi letu lilikuwa na watu 86. Nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, nakaa kulinganisha jumbe za miamala ya simu na majina ya waliotoa, wengine wakiwa wametuma kupitia kwa wakala au kwa namba ya mtoto, na mara mbili nilikuta upungufu wa shilingi elfu kadhaa nikaufidia kutoka mfukoni mwangu ili nisiulizwe. Huo ndio moyo niliokuwa nao nilipopandisha orodha ya jioni ile, na wifi yangu, mke wa kaka yangu, akajibu: "Sawa mhasibu, tumeziona hesabu zako."

Kilichonichoma ni lile neno "zako". Hesabu zilikuwa za kamati, sasa zimekuwaje zangu? Mtu ambaye amefidia upungufu kwa siri halisomi neno hilo kama anavyolisoma mtu mwingine, kwa sababu tayari anatembea na hofu ya kudhaniwa kuwa amekula michango. Tulikuwa Magomeni nilipousoma ujumbe wake. Tulipofika Manzese nilikuwa nimekwisha kuandika majibu mawili marefu na kuyafuta yote mawili, kwa sababu sikutaka kugombana na wifi mbele ya watu 86. Basi liliposimama kituo cha Urafiki, jirani na kile kiwanda cha nguo kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa ushirikiano na China na kuwavika mama zetu khanga na vitenge kwa miaka mingi, ndipo nilipokumbuka methali ile. Wifi aliolewa kwetu miaka miwili tu iliyokuwa imepita, kwa hiyo mgeni ni yeye. Nilijiambia kwamba sikumtaja mtu, sikumtukana mtu, na mwenye akili ataelewa.

Kwa namna fulani nilikuwa nikifanya jambo la kikwetu kabisa. Mwanamke wa pwani hakuanza leo kusema kwa fumbo. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi ya chini, na kwa vizazi kadhaa jina hilo limekuwa likifanya kazi ambayo mdomo ulikuwa unakatazwa kuifanya. Mtu aliyeudhiwa na mke mwenza au jirani hakuwa na haja ya kwenda kupiga kelele mlangoni. Alijifunga khanga yenye jina linalofaa, akatoka nayo kwenda kuteka maji, na ujumbe ukafika. Taarabu nayo ilifanya hivyo hivyo. Miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na TOT vilipokuwa vikishindana kwa mipasho hapa jijini, watu walikuwa wakisubiri ubeti fulani uimbwe ndipo wainuke kwenda kumtuza mwimbaji, wakipita kwa madaha mbele ya meza ya yule waliyekusudia aisikie.

Ninaitazama tena picha hiyo ya ukumbi kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho stetasi yangu haikuwa nacho. Anayetuza anaonekana na aliyekusudiwa anaonekana, na watazamaji waliozunguka, ambao wengi wao wanakijua kisa chote, wanajua wazi kwamba mshale haukuwa wao. Khanga nayo huvaliwa uani au mtaani, mahali ambapo walioiona ni wachache, na kama mmoja wao ameielewa vibaya utamwona anavyobadilika uso, nawe utakuwa na nafasi ya kumwita na kumwambia, "Hapana shoga yangu, si wewe." Fumbo la zamani lilikuwa na anwani, na lilikuwa na mpaka wa watu wanaoweza kulisikia.

Stetasi haina anwani. WhatsApp iliianzisha katika sura hii mwezi wa Februari 2017. Unaweka picha au maneno, yanakaa kwa saa 24, na kwa kawaida yanaonwa na kila mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Katika simu yangu hao ni watu wa ofisini, fundi wa friji, mwalimu wa mwanangu, wanakwaya, shangazi zangu wote, na dada anayeniletea samaki kutoka Feri. Kila mmoja wao alifungua maneno yale matano akiwa peke yake, pengine kitandani, bila kuona ni nani mwingine anayeyasoma, akayapima kwa jeraha alilokuwa nalo yeye mwenyewe siku hiyo. Mtu aliyeanza kazi ofisini kwetu mwezi uliotangulia angeweza kudhani anasemwa yeye.

Usiku ule niliitazama orodha ya walioona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, nikitafuta jina la wifi. Halikutokea mpaka saa 24 zikaisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba hana hata mazoea ya kufungua stetasi za watu. Jina la mama mdogo lilikuwamo, limefika mapema kabisa, nami nililipita kama ninavyoyapita majina mengine.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yetu. Ndoa yake ilivunjika Mwanza baada ya zaidi ya miaka ishirini, akarudi Dar es Salaam mwaka 2023 na mabegi mawili, na sisi watoto tukakubaliana akae katika nyumba aliyotuachia mama kule Temeke. Analala katika chumba nilichokulia mimi. Kwa kuwa mama alikwishatangulia, yeye ndiye mama tuliyebaki naye, na katika sendofu ile ndiye aliyepangwa kusimama mahali pa mama. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo, aliyekimbilia nyumba ya watoto wa dada yake, kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Siku tatu baadaye alijitoa kwenye kundi. Kwa kuwa nilikuwa mmoja wa viongozi wa kundi, niliona taarifa ya kutoka kwake, nikadhani amechoshwa na jumbe nyingi zinazomla bando. Nilimwandikia, "Shikamoo mama, mbona umetutoroka?" Alama mbili zikageuka bluu, na jibu halikuja. Nikaendelea na orodha zangu. Ilikuwa tarehe 10 Mei ndipo mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe, aliponipigia simu akilia, akaniambia kwamba mama mdogo amekuwa akiulizia chumba cha kupanga Mbagala, na kwamba alipombana sana alimwonyesha picha ya stetasi yangu, aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda Temeke usiku uleule. Sikwenda. Nilipatwa na soni kiasi kwamba niliona heri nitafute njia ya kuzunguka. Jumapili iliyofuata, tarehe 12 Mei, ilikuwa Siku ya Mama, na nilipanga kuweka stetasi yenye picha yake ya ujanani, amevaa gauni la maua, pamoja na maneno marefu ya kumsifu kuwa ndiye mama yetu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa njia ileile niliyomkosea, mbele ya watu walewale, bila kulitaja kosa, nikitumaini kwamba mwenye akili ataelewa.

Waliokuwa Dar es Salaam Jumapili hiyo watakumbuka kilichotokea. Nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuunganisha na dunia, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na kabla ya adhuhuri intaneti ilikuwa imedidimia nchini kwetu na kwa majirani zetu kadhaa. Picha ya mama mdogo ilizunguka na kuzunguka kwenye kioo, haikupanda. Nilizima simu nikaiwasha, nikabadilisha laini, nikatoka nje hadi barabarani kama kwamba mtandao umeegeshwa huko. Kisha nikaona sina pa kujificha, nikavaa viatu.

Kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita wiki iliyotangulia na madimbwi yalikuwa bado hayajakauka. Nilishuka Gerezani, nikapanda daladala ya Temeke, na ndani ya gari watu walikuwa wakizungumza kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Kijana mmoja alikuwa akilalamika kwamba hajamtakia mama yake heri, na mzee aliyekaa mbele yake akamuuliza kama mama huyo naye hana simu ya kupigiwa. Simu za kawaida zilikuwa zikifanya kazi. Mimi mwenyewe ningeweza kupiga tangu tarehe 10.

Mama mdogo alikuwa uani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba" bila kuinua uso, na bila kuongeza lile "mwanangu" ambalo hufuatia siku zote. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakunizungusha; alisogeza ungo pembeni, akanyoosha mguu wake wa kulia mbele yangu, akauliza, "Hiyo kamba umeiona mguu upi? Huu, au ule mwingine?"

Nilimweleza yote: michango, upungufu, ujumbe wa wifi, hasira yangu ndani ya basi. Nilidhani kwamba akishajua kuwa si yeye niliyemkusudia, mzigo utamtoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kwa muda, akasema, "Kwa hiyo aliye mgeni ni mke wa kaka yako." Aliyasema kwa upole, na sikuwa na jibu. Maelezo yangu hayakuwa yameliondoa jeraha; yalikuwa yamelihamishia kwa mwanamke mwingine aliyeingia katika nyumba yetu akitarajia kupokewa.

Jioni nilimpigia wifi. Nilimuuliza moja kwa moja alimaanisha nini kwa "hesabu zako", naye hakulikumbuka hata neno hilo. Nilipomsomea ujumbe wake alisema, "Wifi, si wewe uliyekesha ukizifanya? Ni zako." Alikuwa ameniita mhasibu kwa kunisifu, ameandika huku mtoto akiwa amemlalia mkono, na akaongeza kwamba alikuwa amemwambia kaka yangu usiku uleule kwamba kamati haijawahi kupata mweka hazina makini kama mimi.

Kuna utafiti wa Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, ambao ninautaja kila ninapopata nafasi. Waliwaomba watu watume sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kwa barua pepe au kwa sauti. Waliotuma kwa maandishi walitabiri kwamba wasomaji wangeitambua nia yao kwa asilimia 78, lakini wasomaji waliitambua kwa asilimia 56 tu, kiwango kisicho mbali sana na kubahatisha kwa kurusha sarafu, ilhali waliosikia sauti walipatia kwa takriban robo tatu. Linalonigusa zaidi ni kwamba wasomaji wenyewe walikuwa na imani kubwa kuwa wameelewa. Mimi nami, pale Magomeni, sikuwa na shaka hata chembe. Mwandishi anaisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, msomaji anasikia sauti anayoitia yeye, na katikati hakuna kitu kinachosikika. Katika Kiswahili hatari hii ni kubwa zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu sehemu kubwa ya adabu yetu imo katika mvuto wa sauti: "haya" moja inaweza kuwa ruhusa, kuaga, kukubali au kuvunja urafiki, na maandishi huifanya iwe ileile.

Wapo wanaosema kwamba hasira ikitolewa huisha, na kwamba heri mtu aitapike kwenye stetasi kuliko kuiweka moyoni. Nililiamini hilo, na zile dakika kumi za kushusha pumzi zilinithibitishia. Lakini Brad Bushman, katika jaribio la mwaka 2002 lililohusisha wanafunzi 600, aliwaudhi washiriki, kisha akawaacha baadhi yao wapige gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wengine wakae kimya kwa dakika mbili. Waliopiga gunia ndio waliotoka na hasira kubwa zaidi kuliko waliokaa kimya. Nikikumbuka usiku ule, naona ndivyo ilivyokuwa kwangu: kila nilipofungua orodha ya walioona nilikuwa nikilipiga gunia upya, na kufika saa tano usiku nilimchukia wifi kwa mambo ambayo hata jioni sikuwa nayo, pamoja na jinsi alivyocheka katika arobaini ya mama.

Wengi hupenda kuilaumu mitambo, na hawakosi sababu. Facebook, ambayo ndiyo kampuni iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014, iliwahi kwa miaka kadhaa kuanzia 2017 kuzipa alama za hisia, uso wa hasira ukiwamo, uzito mara tano ya alama ya kupenda katika kuamua nini kionekane juu, mpaka uzito wa uso wa hasira ulipofanywa sifuri mwaka 2020. Hilo ni jambo zito kwa anayeishi humo. Hata hivyo, stetasi yangu haikusukumwa na mtambo wowote. Niliisukuma mwenyewe kwa kidole gumba.

Kilichonisaidia tangu hapo si kujizuia, kwa maana kujizuia nilikuwa nimejizuia: nilifuta majibu mawili, na hasira ikatafuta mlango mwingine. Kilichonisaidia ni kutafuta jina la kitu ninachokihisi kabla sijaamua nikipeleke wapi. Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba watu wanapoitaja kwa neno hisia wanayoiona kwenye picha ya uso, shughuli hupungua katika ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na tishio. Lugha yetu ina hazina ya maneno hayo, nasi tunaiacha ikae bure kwa kuita kila kitu hasira. Hamaki ni ile inayowaka na kuzimika papo hapo. Kinyongo ni cha siku nyingi na kimekwisha kupata makao. Donge hukaa kooni unapoona mwenzako amepata. Uchungu una upendo ndani yake, kwa sababu asiye wako hakutii uchungu. Soni hukufanya utake kufunika uso, na fedheha ni pale wengine wameshauona. Nikiwa ndani ya basi lile ningejiuliza kwa neno sahihi ningegundua kwamba sikuwa na hasira na wifi. Nilikuwa na hofu ya kufedheheshwa, kwa sababu ya upungufu niliouficha. Dawa yake ilikuwa kuwaambia wanakamati kwamba hesabu zilipungua mara mbili na nikafidia, jambo ambalo nililifanya katika kikao cha mwisho wa Mei, mbele yao, kwa sauti yangu, na mwenyekiti akaagiza nirudishiwe.

Siku hizi ujumbe ukinichoma nausoma kwa sauti, nikijaribu kuutamka kama angeutamka aliyeuandika siku akiwa na furaha. Mara nyingi unabadilika mdomoni. Usipobadilika, napiga simu, au nasubiri nimwone mwenyewe. Stetasi nimeiacha kwa picha za bahari na za ndugu waliofiwa wanaotaka kutangaza ratiba ya mazishi. Simlazimishi mtu mwingine afanye hivyo. Nina rafiki ambaye bado anarusha vijembe kila wiki na anasema vinamfaa, nami nimemwambia tu anipigie simu siku kitakapokuwa changu.

Sendofu ilifanyika mwezi wa Juni. Mama mdogo alisimama mahali pa mama, na wifi ndiye aliyemfunga kilemba. Chumba cha Mbagala hakukichukua. Kwenye kundi, hata hivyo, hajarudi mpaka leo, ingawa nimemwalika mara mbili, na sasa nimeacha kumwalika. Panapokuwa na mchango au taarifa ya ukoo nampigia mwenyewe, na habari ya dakika moja huchukua dakika ishirini, kwa sababu kabla hajaniuliza nilichopigia huulizia kwanza watoto, mmoja mmoja, kwa majina yao yote.